Miaka Iliyoliwa na Nzige

Safari hii nawaletea habari za mtu wa mbali, mwandishi wa riwaya na mhariri kutoka Serbia. Jina lake ni Borislav Pekić. Hiyo herufi ya mwisho yenye alama juu inasomwa kama "ch" yetu, kwa hiyo mwite Pekich na utakuwa umepatia. Alizaliwa mwaka 1930, akafariki mwaka 1992. Wengi wetu tunaoandika humu tulikuwa bado hatujazaliwa.

Nilimjua kupitia boksi la vitabu vya msaada. Ninafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na pale kituoni huwa tunaletewa maboksi ya vitabu: vya watoto, vya kompyuta za zamani, hata vya kupika vyakula ambavyo kwenye mgao huvioni. Ndani ya boksi moja kulikuwa na riwaya ya Pekić iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Sisi wa shule za Kikongo tumesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza kilinipa kazi. Nilisoma na kamusi ya simu mkononi karibu miezi miwili. Nilipomaliza nikaanza kutafuta: huyu mzee ni nani? Nilichokipata ndicho ninachotaka tukae nacho kidogo, maana kinagusa swali ambalo kila mtu wa kambi analo, awe analisema au analimeza: hii miaka inayopita hapa, inaenda wapi?

Nianze na nchi yake. Leo Serbia inajitegemea, lakini wakati wa Pekić ilikuwa ndani ya nchi kubwa zaidi iliyoitwa Yugoslavia. Humo waliishi Waserbia, Wakroatia, Waslovenia, Wamontenegro, Wamasedonia, Waislamu wa Bosnia, Waalbania na wengine. Wengi wao walisikilizana lugha, wakachanganyika kwa ndoa, wakatofautiana kwa dini na kwa historia ambazo bibi na babu waliwasimulia wajukuu. Wasomaji wa kutoka Kivu na Burundi sihitaji kuwaeleza zaidi hapo.

Pekić alizaliwa Podgorica, mji ambao sasa ni makao makuu ya Montenegro. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya mfalme, na familia ilihama mji hadi mji ikifuata kazi ya baba. Vita Kuu ya Pili ilipoingia Yugoslavia mwaka 1941 walihama tena. Vita ilipokwisha mwaka 1945 wakakaa Belgrade, mji mkuu. Lakini Belgrade hiyo ilikuwa na wenyewe wapya. Mfalme hayupo, wanaotawala ni Wakomunisti wa Josip Broz Tito, chama ni kimoja, na mtoto wa ofisa wa mfalme si mtu wa kuaminiwa sana.

Mwaka 1948 akamaliza sekondari, na haukupita muda akakamatwa. Kosa lake? Kuwa mwanachama wa kikundi cha siri cha vijana, Umoja wa Vijana wa Kidemokrasia wa Yugoslavia. Alikuwa na miaka 18. Hukumu aliyopewa ilikuwa miaka 15.

Mimi kazi yangu ni vikundi vya vijana, kwa hiyo hapo nilisimama kidogo. Najua kikundi cha vijana kinavyokuwa. Kuna mmoja anayependa kusema, kuna mwenye daftari, kuna aliyekuja kwa sababu msichana fulani yupo, kuna wawili wanaogombea uenyekiti wa watu kumi na wawili. Ukiniambia serikali yenye jeshi na polisi imeogopa kikundi kama hicho hadi kumpa kijana miaka 15, ninakuamini, lakini nacheka kidogo kwanza, halafu ninanyamaza.

Alikaa ndani miaka 5, akaachiwa mwaka 1953. Watu wakisikia kwamba 15 imekuwa 5 wanasema, ana bahati huyo. Ndiyo, ni bahati. Lakini hebu hesabu miaka gani ilichukuliwa: kuanzia 18 hadi 23. Ndiyo miaka ya mtu kujifunza kazi, kupenda, kukosana na baba yake na kupatana naye tena. Hapa kambini tuna vijana ambao miaka hiyohiyo imepita wakiwa wanangoja jina litoke kwenye ubao. Sisemi kambi ni gereza. Gerezani hakuna soko, hakuna kwaya, hakuna harusi. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kungoja anamtambua mwenzake.

Alipotoka alianza kusoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Belgrade, ila shahada hakuichukua. Kuanzia mwaka 1958 akaandika hadithi za filamu, kama 20 hivi ndani ya miaka michache. Moja, *Dan četrnaesti*, yaani Siku ya Kumi na Nne, iliiwakilisha Yugoslavia kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1961. Inahusu wafungwa waliopewa ruhusa ya kwenda nje kwa wiki mbili. Mwenyewe unaona alikotoa jambo hilo. Mwaka huo wa 1958 alimwoa Ljiljana, msanifu wa majengo. Mshikeni jina hilo, nitamrudia.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1965, miaka 12 baada ya gereza. Hapa kuna jambo la sisi wenye haraka. Mawazo mengi ya riwaya zake kubwa yalianza gerezani, wanaomjua wanasema hivyo wote. Lakini hakutoka mlangoni na kitabu kwapani. Alitoka na mawazo, akaishi nayo, akafanya kazi nyingine za kumlisha, na ndipo yakaiva.

Riwaya hiyo inaitwa *Vreme čuda*, Wakati wa Miujiza. Pekić anachukua miujiza tunayoijua kutoka Injili na kuuliza swali ambalo kanisani hatuulizi: yule aliyetendewa muujiza, kesho yake aliishije? Kuna mwanamke mwenye ukoma ambaye anaponywa. Kwa kuwa amepona, mji wa wenye ukoma haumtaki tena, yeye si mwenzao. Anakwenda mji wa wazima, nao hawamtaki, kwao bado ni yule mwenye ukoma. Muujiza umemwacha njiani, katikati ya miji miwili. Wasomaji wa kanisa wasikasirike, nia yangu si kumcheka Mungu. Nimewafikiria ndugu zetu waliopata safari ya kwenda Marekani au Australia, ambao tuliwaimbia hadi kwenye basi kwa furaha, na baadaye wanapiga simu usiku, sauti imekauka, wanasema kule wao ni wakimbizi na huku tunawaita Wamarekani.

Mwaka 1968 na 1969 Pekić alikuwa mmoja wa wahariri wa *Književne novine*, gazeti la fasihi la Belgrade. Wengi humu mnamjua mhariri kama mtu wa kukata maneno na kurekebisha nukta. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Mhariri ni mtu anayesoma maandishi yako na kukuuliza: hili uliliona au ulisikia? Huyu mtu kweli alisema hivi, au ungependa awe alisema hivi? Hii siku ya tatu, ya kwanza na ya pili ziko wapi? Mhariri mzuri hakufurahishi. Anakutoa kwenye uongo mdogo ambao hata wewe ulikuwa hujui kwamba ni uongo. Kwangu mimi kumfahamu Pekić ni kufahamu kwamba alikuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja, mwenye kumbukumbu na mwenye kuihoji kumbukumbu.

Mahali hao wawili wanapokutana vizuri zaidi ni kwenye kitabu nilichokikuta ndani ya boksi. Kilitoka mwaka 1970, kwao kinaitwa *Hodočašće Arsenija Njegovana*, Hija ya Arsenije Njegovan, na kilipata tuzo ya NIN, ambayo huko hupewa riwaya bora ya mwaka. Kwa Kiingereza kilipewa jina la Nyumba za Belgrade.

Arsenije ni mzee tajiri. Utajiri wake ni majumba. Anayapenda kama watu, kila jumba amelipa jina la mwanamke. Mwezi wa tatu mwaka 1941 alikuwa njiani kwenye biashara zake, akakumbwa na maandamano barabarani, akaumizwa. Akarudi nyumbani, akafunga mlango, na hakutoka tena kwa miaka 27. Kazi yake ikawa kuyatazama majumba kwa darubini kutoka dirishani na kuulizia habari zake. Mke wake na watu wa karibu wanamjibu kila kitu kipo sawa. Kumbe vita imepita, mfalme ameondoka, na serikali mpya imekwisha kuyachukua majumba yote. Hakuna hata moja lililo lake. Wanamficha kwa huruma.

Mwezi wa sita mwaka 1968 anasikia kwamba jumba lake moja linataka kubomolewa. Anavaa suti ya zamani, anatoka. Na siku hiyo Belgrade imejaa wanafunzi wa chuo kikuu wanaoandamana. Hayo ya wanafunzi ni ya kweli, yalitokea. Mzee anawaona, na kichwani mwake bado ni 1941. Watu haohao, fujo ileile. Kila anachokiona anakisoma kwa miwani ya miaka 27 nyuma. Kitabu chote kimeandikwa kama wosia wake. Anagawa kwa makini mali ambayo haipo.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mzee mmoja wa kijiji chetu humu kambini. Ana karatasi ya parseli yake ya Baraka, kaifunga ndani ya nailoni mara tatu. Atakueleza nyumba ina vyumba vingapi, mwembe uko upande gani, bomba la jirani linapita wapi. Tangu kambi hii ifunguliwe mwaka 1996 ameitengeneza ile nyumba kila siku kwa mdomo. Simcheki. Karatasi ile ni haki yake, na mimi ningekuwa na karatasi ningeifunga mara nne. Lakini mimi nimezaliwa hapahapa. Nyumbani kwetu nakujua kwa mdomo wa wazee tu. Nikimsikiliza mzee najiuliza: mwembe ule bado upo? Nani amelala leo kwenye kile chumba? Naye ana watoto? Na yeye alikimbia kutoka wapi? Pekić alinifundisha kwamba maswali haya si ya kumkosea mzee heshima. Mke wa Arsenije alimficha ukweli kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomwacha mzee wa watu asimame barabarani mwaka 1968 bila kujua yuko mwaka gani.

Lakini mambo yake na serikali hayakuwa mepesi. Pekić aliamua kuhamia London na familia yake. Serikali ikamkatalia pasi, akangoja. Mwaka 1971 akafanikiwa kuondoka, akiwa na miaka 41. Nyumbani akahesabiwa mtu asiyetakiwa, na kwa miaka kadhaa vitabu vyake vilizuiwa kuchapishwa Yugoslavia. Fikiria: amepata tuzo kubwa ya nchi mwaka mmoja, na muda mfupi baadaye nchi hiyohiyo haitaki kumchapisha.

Alikaa London miaka 21, hadi kufa. Wengi wakifika mahali kama pale wanabadilisha lugha. Yeye aliendelea kuandika kwa Kiserbia. Aliandika kwa ajili ya watu ambao kwa muda hawakuruhusiwa kumsoma, kwa lugha ambayo muuza mkate wa mtaani kwake hakuielewa. Kuanzia mwaka 1975 vitabu vikaanza tena kutoka nyumbani, kimoja baada ya kingine. *Zlatno runo*, Ngozi ya Dhahabu, ni vitabu 7, vilivyotoka kati ya 1978 na 1986, juu ya ukoo wa wafanyabiashara ambao Arsenije ni mmoja wao. *Besnilo* ya mwaka 1983 ni riwaya ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa unaolipuka katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi uwanja unafungwa na watu wa mataifa yote wanabaki humo, hawaingii Uingereza na hawarudi walikotoka. Tuliokuwa hapa mwaka 2020, magari yalipopungua na kila mtu akiambiwa abaki alipo, tungemwelewa haraka.

Sasa kuna jambo ambalo wazee wa redio watalipenda. Kuanzia mwaka 1986 Pekić alikuwa mchambuzi wa BBC, akiwaandikia watu wa nyumbani barua za redio kutoka London. Baadaye zilikusanywa vitabuni kwa jina la *Pisma iz tuđine*, Barua kutoka Ugenini. BBC wakati huo ilitangaza kwa lugha za dunia kutoka jengo moja, Bush House. Idhaa ya Kiswahili, ile ambayo wazee wetu waliiwekea redio sikioni jioni kule Fizi na Uvira, nayo ilitoka jengo hilohilo. Kwa hiyo miaka ile, katika jengo moja, kulikuwa na mtu anayesema na Belgrade na mwingine anayesema na Bukavu na Kigoma. Babu zetu na wasikilizaji wa Pekić walikuwa wateja wa duka moja, bila kujuana.

Na ndipo akarudi kwenye gereza. Kati ya 1987 na 1990, zaidi ya miaka 30 baada ya kuachiwa, alitoa vitabu 3 vya kumbukumbu za miaka ya baada ya vita na za kifungo chake. Akaviita *Godine koje su pojeli skakavci*, Miaka Iliyoliwa na Nzige. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kuitambua: ni Yoeli, sura ya 2. Pale kwenye Yoeli, kama mnavyokumbuka, miaka ya nzige inatajwa ndani ya ahadi, Mungu anasema atairudisha. Nikatazama jina la kitabu tena. Pekić amechukua nzige, ahadi ameiacha. Hakuweka neno la kurudishiwa.

Nimelifikiria sana hilo. Sijui wachungaji wetu watasema nini, lakini mimi naliona hivi. Mtu aliyepoteza miaka anaweza kukaa akingoja nani atamlipa: serikali, shirika, Mungu, aliyemfukuza. Pengine atalipwa. Pekić hakungoja jibu la swali hilo. Aliikusanya miaka yenyewe, siku kwa siku, nani alikuwa kitanda gani, nani aligawa mkate vipi, nani alimsaliti nani na kwa bei gani, akaandika kwamba gereza lilikuwa ustaarabu kamili wenye sheria na tabaka zake, na kwamba hata huko nje kunakoitwa uhuru kuna gereza la aina yake. Hakujifanya mtakatifu kwa sababu aliteswa. Miaka haikurudi. Lakini haikubaki tumboni mwa nzige pia.

Mwisho wa maisha yake unauma. Mwaka 1989 chama kimoja kilipoanza kulegea, akawa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Demokrasia nchini Serbia. Kumbuka alichofungiwa akiwa na miaka 18, na sasa anakaribia 60. Mwaka 1990 akawa makamu wa rais wa chama na mmoja wa wahariri wa gazeti lake, *Demokratija*. Mhariri tena. Mwaka 1991 akagombea ubunge katika uchaguzi mdogo wa Rakovica, sehemu ya Belgrade. Aliyeshinda ni Vojislav Šešelj, mtu wa siasa za Serbia Kubwa, siasa za kuwakumbusha watu maumivu ya zamani na kuwaonyesha jirani wa kumlipizia. Mwaka 2018 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu Šešelj miaka 10 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mnaona jinsi ilivyokuwa? Upande mmoja mzee aliyetumia maisha yake kuihoji kumbukumbu, sentensi kwa sentensi. Upande mwingine kumbukumbu isiyo na mhariri, inayopiga kelele jukwaani. Watu wakapiga kura. Mwezi huohuo, Juni 1991, Slovenia na Kroatia zikatangaza kujitenga na vita ikaanza. Aprili 1992 ikafika Bosnia. Watu walifukuzwa kwenye majumba yao kwa mamilioni, wakiwa na funguo mfukoni na karatasi kwenye mifuko ya nailoni. Pekić alifariki London tarehe 2 Julai 1992 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 62, huku nchi aliyozaliwa ikiendelea kuvunjika.

Nilisema nitamrudia Ljiljana. Pekić aliacha maandishi mengi ambayo hayajachapishwa. Mke wake ndiye aliyekaa nayo, miaka na miaka, akiyapanga, akiyahariri, akiyatoa vitabu. Kila mwandishi anamhitaji mtu wa namna hiyo, na sifa zake ni chache.

Hapa niseme na wafanyakazi wa mashirika mnaosoma gazeti hili. Sisi wakimbizi tunasimulia maisha yetu mara nyingi kuliko watu wengi duniani. Tunasimulia kwenye usajili, kwenye mahojiano, kwa ofisa mpya aliyechukua nafasi ya yule wa zamani. Kila mara anayeuliza ndiye anayechagua maswali, na jibu linatakiwa lifanane na la mara iliyopita. Mtu akisimulia hivyo miaka 10, historia yake inakauka kama samaki. Anaikariri. Mwishoni hata mtoto wake akiuliza, "Papa, ilikuwaje siku ile?" anapewa jibu la mahojiano. Siwalaumu, kazi yenu inahitaji majibu. Nawaomba tu mkiona kijana ana daftari lisilo la shirika lolote, msimwulize ni la mradi gani.

Maana daftari hilo lipo. Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi, wakiwa wengi tunafika kumi na tano. Baada ya kuwasimulia Pekić tulikubaliana jambo moja dogo. Kila ukurasa tunaupiga mstari katikati. Kushoto unaandika "niliona", kulia "niliambiwa". Basi. Kanuni nyingine hatuna.

Jumamosi ya kwanza kurasa za karibu wote zilijaa upande wa kulia, kwa sababu wengi wamezaliwa hapa. Yote wanayoyajua juu ya nyumbani ni ya kuambiwa. Hilo peke yake liliwanyamazisha. Kijana mmoja, ana miaka 16, mkali kidogo, alikuwa ameandika kushoto kwamba watu wa kabila fulani ndio waliowatoa kijijini kwao. Sitalitaja kabila, mtabadilisha wenyewe kulingana na mlikotoka, sentensi itabaki ileile. Mwenzake akamwuliza tu, "Uliona?" Akakasirika. Akasema hata kama hakuona, kila mtu anajua. Akachukua daftari akaondoka, nikadhani harudi.

Alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amekwenda kumwuliza bibi yake, na safari hii hakumwuliza kama wanavyouliza wajukuu. Aliuliza kama mhariri: siku gani, nani alikuja, mlipita wapi, mlilala wapi usiku wa kwanza. Bibi alikasirika pia, halafu akaeleza. Watu wa kabila lile kweli walikuwepo kati ya waliochoma. Hilo kijana alilihamishia kulia na kuandika "bibi aliona". Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao bibi hakuwahi kuusema nyumbani. Usiku wa kwanza na wa pili walilala kwenye jiko la mama mmoja wa kabila hilohilo, ambaye aliweka kuni mlangoni ili paonekane hapana mtu.

Kijana alitusomea kwa sauti ya chini. Mtu akamwuliza yule mama aliitwa nani. Akasema bibi amesahau. Nayo ameiandika, upande wa kulia, mstari wa mwisho: jina la yule mama, bibi amesahau, nitamwuliza tena.